Mohamed Amin: Mpigapicha wa vita aliyeanzia Dar es Salaam

KABLA ya dunia kumfahamu kwa picha za njaa ya Ethiopia, Mohamed Amin alikuwa kijana wa Dar es Salaam. Alizaliwa Nairobi mwaka 1943, lakini familia yake ilihamia Tanganyika angali mtoto, na ni hapa alipoanzisha kampuni yake ya picha, Camerapix, mwaka 1963.

Miezi michache baadaye yakatokea Mapinduzi ya Zanzibar, naye akavuka bahari na kamera yake. Mwaka 1966 alikamatwa huko Visiwani, akateswa na kufungwa gerezani karibu mwezi mmoja, kisha akafukuzwa kwenda Kenya. Adhabu hiyo ingetosha kumfanya mwingine atafute kazi nyingine. Yeye aliendelea, ikiwamo kuripoti Uganda ya Idi Amin, ambaye walishabihiana jina tu.

Hatari ya kazi hii haikuishia enzi zake, wala haihitaji safari ya mbali. Mkoa wa Pwani, wenye makao makuu Kibaha na ambao Kisarawe ni mojawapo ya wilaya zake, haujapata jibu kuhusu Azory Gwanda, mwandishi aliyeripoti mauaji ya Kibiti na kutoweka Novemba 2017.

Kilichomjengea Amin jina ni Korem, kaskazini mwa Ethiopia, Oktoba 1984. Akiwa na Michael Buerk wa BBC, alirekodi maelfu ya watu waliokuwa wakiangamia kwa njaa. Wengi huikumbuka njaa ile kama janga la ukame pekee, ilhali vita kati ya serikali ya Mengistu Haile Mariam na waasi wa Tigray na Eritrea ndiyo iliyoifanya iwe ya kutisha zaidi. Picha hizo zilionyeshwa na vituo vya televisheni zaidi ya 400, misaada ikamiminika.

Ethiopia hiyo hiyo ilimdai. Juni 1991, siku chache baada ya waasi kuitwaa Addis Ababa, ghala la silaha lililipuka jijini humo. Fundi sauti wake, John Mathai, aliuawa, na Amin akapoteza mkono wa kushoto. Aliwekewa wa bandia, akarudi kazini.

Novemba 23, 1996, ndege ya Ethiopia aliyopanda kwenda Nairobi ilitekwa na watu watatu. Manusura walieleza kuwa alisimama akijadiliana na watekaji hadi mwisho. Mafuta yalikwisha, ndege ikaanguka baharini karibu na Ngazidja, Comoro, na kuua watu 125, yeye akiwamo. Alikuwa na miaka 53.