Vivian Fuchs
Vivian Ernest Fuchs (11 Februari 1908 – 11 Novemba 1999) alikuwa mwanajiolojia na mpelelezi kutoka Uingereza, aliyeongoza msafara wa kwanza kuvuka bara la Antaktiki kwa nchi kavu.

Kabla ya hapo alichunguza maziwa ya Afrika Mashariki. Mwaka 1934 aliongoza msafara wa Ziwa Turkana, wakati huo likiitwa Rudolf. Wenzake wawili, Martin na Dyson, walivuka kwenda Kisiwa cha Kusini wakapotea, na miili yao haikupatikana. Hata hivyo alirudi: miaka 1937–1938 aliongoza msafara wa Ziwa Rukwa, lililo bondeni mashariki mwa nyanda za juu za Ufipa, ng'ambo ya Wampembe na Ziwa Tanganyika.

Tarehe 24 Novemba 1957 aliondoka pwani ya Bahari ya Weddell. Nyufa zilizofunikwa na theluji zilimchelewesha mno. Edmund Hillary, aliyetangulia kufika ncha ya kusini kutoka upande wa pili, alimshauri asimamishe safari hadi msimu ujao, maana majira ya baridi yalikaribia. Fuchs alikataa, na ilikuwa hatari kubwa. Alifika nchani tarehe 19 Januari 1958, na tarehe 2 Machi, siku ya 99, akawafikisha wenzake wote Scott Base wakiwa hai. Mwaka huohuo alipewa cheo cha "Sir", akaongoza utafiti wa Uingereza huko Antaktiki hadi 1973.