Jane Nyambura: Malkia wa Benga ya Kigikuyu

Katika Nyeri, Karatina na miji mingine ya Mlima Kenya, wapenzi wa muziki wamezoea kuwasikiliza Wamarekani kama Jim Reeves na Dolly Parton bega kwa bega na benga ya Kigikuyu. Benga ilichimbuka kwa Waluo wa Nyanza, na ilipohamia huku sauti za wanaume ndizo zilizotawala. Makala haya yanamhusu mwanamke aliyeingia humo na kuunda bendi yake mwenyewe.

Marehemu Jane Nyambura, maarufu kwa jina la Queen Jane, alitoka Kangema, Murang'a, sehemu ile ile iliyomtoa Joseph Kamaru. Alianza mwaka wa 1984 akiwa mwimbaji wa bendi ya Mbiri Stars. Mwaka wa 1991 akaanzisha bendi yake, Queenja Les. Hatua hiyo haikuwa ndogo. Kiongozi wa bendi ndiye atafutaye wapiga gitaa, awalipe, kisha apatane na wenye studio na wenye kumbi. Isitoshe, kazi yenyewe ni ya usiku, mahali ambapo mwanamke hutiliwa shaka kabla hajafungua kinywa.

Baadhi ya nyimbo zake alizichota katika hazina ya jadi ya Wagikuyu; nyingine alizitunga mwenyewe. Hapa ndipo mwanafunzi wa fasihi simulizi anapopaswa kutua. Tutazame anwani tu. "Guka Nindarega" maana yake ni kuwa babu, nimekataa. Neno la kwanza ni la heshima, la pili ni la ukaidi. Msichana anamkana mzee bila kumvunjia adabu. "Muthuri Teenager" inamkejeli mzee anayejifanya kijana. Nayo "Arume ni Nyamu" inawaita wanaume wanyama, kauli ambayo sisi wahakiki wa kiume hatuna budi kuivumilia. Atakayeziona nyimbo hizi kuwa umbea wa baa atakuwa hajazisikiliza. Zinahoji ndoa, umri na mamlaka ya mume, tena kwa lugha wanayoielewa wazee wenyewe.

Queen Jane alifariki jijini Nairobi tarehe 29 Juni 2010 kwa homa ya uti wa mgongo, miaka kumi na tisa tangu aanzishe Queenja Les. Ndugu zake, Lady Wanja na Princess Aggie, nao waliingia katika uimbaji.