SPIKE MILLIGAN: MPIGA MIZINGA ALIYEUCHEKESHA ULIMWENGU

Askari hujua jambo ambalo raia wengi hawalijui: kwamba kicheko kikubwa husikika mara nyingi handakini kuliko arusini. Leo tunawasimulia ndugu zetu wa jeshi na polisi maisha ya mtu aliyekichukua kicheko cha handakini akakifikisha redioni, naye akakilipia kwa afya ya akili yake.

Jina alilopewa na wazazi wake ni Terence Alan Milligan. Alizaliwa Ahmednagar, nchini India, tarehe 16 Aprili, 1918. Baba yake, mzaliwa wa Ireland, alikuwa askari wa jeshi la Waingereza huko. Hivyo mtoto alikulia katika maisha ya kambi, India na Burma. Baadaye jamaa hiyo ilihamia London, na kijana akapata sifa kwa kupiga tarumbeta katika bendi za jazi.

Mwaka 1940 aliitwa jeshini, akatiwa katika Rejimenti ya 56 ya Mizinga Mizito. Kwanza walilinda pwani ya Bexhill, kusini mwa Uingereza. Mwaka 1943 wakapelekwa Algeria na Tunisia, kisha Italia. Vita hivyo ndivyo walivyopigana wazee wetu wa K.A.R. huko Abisinia na Burma, kwa hiyo habari hizi si ngeni kabisa kwetu.

Huko Tunisia, kama walivyosimulia wenyewe, mzinga mmoja mzito ambao haukukitwa vizuri ulirudi nyuma baada ya kufyatuliwa, ukaporomoka kutoka juu ya jabali, ukaanguka karibu na gari alimokuwa askari aitwaye Harry Secombe. Punde akatokea Milligan, akiuulizia mzinga ule kama mtu aulizavyo mbuzi wake aliyepotea. Huo ukawa mwanzo wa urafiki wao.

Lakini vita si mzaha. Mwezi Januari, 1944, karibu na Monte Cassino, Milligan alijeruhiwa mguuni kwa kombora. Jeraha la mguu lilipona upesi. La moyoni halikupona. Aliporudishwa kwenye mizinga, kila kishindo kilimtetemesha na ulimi ukawa mzito. Mkuu wake hakuuona ugonjwa, aliona woga tu. Akamvua tepe moja aliyokuwa nayo. Jambo hilo Milligan hakulisahau maishani. Akaondolewa mstari wa mbele, na mwishowe akaingia katika kundi la kuwatumbuiza askari.

Baada ya vita, yeye na Secombe, pamoja na Peter Sellers na Michael Bentine, walianzisha katika redio ya B.B.C. mchezo uliojulikana kama The Goon Show, uliodumu tangu 1951 hata 1960. Mwandishi wake mkuu alikuwa Milligan. Mambo yasiyowezekana kabisa yalisemwa kwa utulivu kama habari za kila siku. Katika mchezo mmoja wa 1954, watu wa Bexhill wanatupiwa maandazi gizani wakati wa vita, na msako mkali unafanywa. Katika mwingine, mtu ameandikiwa saa juu ya karatasi, naye huitazama kila aulizwapo ni saa ngapi. Aliyepata kupokea amri isiyo na kichwa wala miguu atajua mzaha huo ulizaliwa wapi.

Kuandika mchezo kila juma kulimchosha. Mwishoni mwa 1952 akili yake ilizidiwa, akalazwa hospitali, na maradhi hayo yakamrudia tena na tena. Hata hivyo aliandika mashairi ya watoto, riwaya ya Puckoon mwaka 1963, na tangu 1971 vitabu saba vya kumbukumbu zake za vita na za miaka iliyofuata.

Hatufichi doa lake. Mwaka 1969 alijipaka rangi usoni akaigiza Mwasia katika televisheni, na mchezo huo ukasimamishwa baada ya vipindi 6 kwa kuwadhihaki watu wa rangi nyingine.

Mwaka 1962 alichukua uraia wa Ireland, haki aliyoipata kwa baba yake. Mwaka 1993, pamoja na daktari Anthony Clare, alitoa kitabu kuhusu maradhi ya huzuni, bila kuona haya. Alifariki tarehe 27 Februari, 2002, akiwa na umri wa miaka 83, akazikwa Winchelsea. Juu ya kaburi lake kumeandikwa, kwa lugha ya Kiayalandi, maneno ya kuwakumbusha watu kwamba alikwisha kuwaambia yu mgonjwa. Wengi huyacheka. Sisi tunaona ya kwamba kuna mtu mmoja aliyestahili kuyasikia mapema, mwaka 1944, kabla ya kunyosha mkono kuivua tepe ile. Afande ambaye kijana wake anatetemeka baada ya mapambano na amwite daktari kwanza.