Hermann Staudinger na Minyororo ya Plastiki

Ndoo ya plastiki tunayotekea maji na mpira tunaoucheza uwanjani vimejengwa kwa minyororo mirefu isiyoonekana kwa macho. Aliyetufunulia jambo hilo ni Hermann Staudinger, aliyezaliwa mjini Worms, Ujerumani, tarehe 23 Machi, 1881.

Siku zile wataalamu wengi wa kemia waliamini kwamba mpira ni molekuli ndogo ndogo zilizokusanyika tu, kama nyuki katika kundi. Mwaka 1920 Staudinger, aliyekuwa akifundisha Zürich katika nchi ya Uswisi, aliandika kwamba sivyo: molekuli hizo zimeungana pete kwa pete, zikawa mnyororo mmoja. Wakubwa wa elimu hiyo walimpinga, na hata rafiki zake walimshauri aliache wazo hilo. Hakuliacha.

Mwaka 1926 alihamia Freiburg, akaendelea kupima. Chombo chake kimoja kilikuwa mrija mwembamba wa kioo, pamoja na saa. Aliyeyusha kitu kidogo katika majimaji, akahesabu muda yanaochukua kupita mrijani. Mnyororo ukiwa mrefu, majimaji huwa mazito, nayo hupita polepole.

Katika miaka ya 1930 yeye na wenzake walipima glikojeni, akiba ya sukari iliyomo katika ini. Molekuli zake ni kubwa mno, lakini majimaji yake yalipita upesi. Kwa nini? Glikojeni ina matawi mengi, imejikusanya kama kichaka cha mviringo, wala haizuii majimaji kama kamba ndefu. Basi ukijua ukubwa wa molekuli na wepesi wa majimaji yake, waweza kutambua kama ina matawi. Hata leo matawi marefu ya plastiki hupimwa kwa kufuata wazo hilo.

Si yote aliyosema yalikuwa sawa. Alidhani minyororo imenyooka kama fimbo, kumbe hujikunja kama uzi. Kanuni yake ikabidi isahihishwe. Mwaka 1944 mabomu yaliharibu maabara yake. Hata hivyo, mwaka 1953, akiwa na umri wa miaka 72, alipewa Tuzo ya Nobel ya kemia. Alifariki Freiburg tarehe 8 Septemba, 1965.

Wanafunzi wenzangu, tukipingwa tusikasirike wala tusikate tamaa. Tupime kwanza, tupime tena, ndipo tuseme.