Emil Fischer, Mjuzi Aliyezitambua Sukari

Wengi wetu tukifika Nakuru hutazama heroe ziwani, tukastaajabu, tukaenda zetu. Lakini ndani ya maji yale ya magadi, na ya Ziwa Bogoria upande wa kaskazini, mna vijidudu visivyoonekana kwa macho, na baadhi yao wana uwezo wa kukata minyororo ya sukari. Elimu ya mambo hayo ina mzazi wake, naye ni Mjerumani Emil Fischer.

Fischer alizaliwa mjini Euskirchen tarehe 9 Oktoba 1852. Baba yake, mfanyabiashara, alimtia katika biashara ya mbao. Kijana hakuiweza, akaachiwa asome. Alisoma Bonn, kisha Strasbourg kwa mwalimu Adolf von Baeyer, akapata udaktari mwaka 1874. Mwaka uliofuata aligundua dawa iitwayo fenilihidrazini.

Sukari zilikuwa zimewachosha wajuzi, kwani nyingi hazikukubali kuganda, zilibaki shira tu. Dawa ile ilizigeuza zikawa chembe za manjano, zikaweza kupambanuliwa. Fischer akabainisha kwamba sukari nyingi zina atomi zile zile, zilizoungana vile vile, ila hii imeelekea kulia na ile kushoto. Ni mfano wa be na nuni mwanzoni mwa neno: jino ni moja, nukta ndiyo iliyo chini au juu. Mwaka 1891 alitangaza umbo la glukosi. Mwaka 1894 akafundisha kwamba kimeng'enya huingiana na sukari yake kama ufunguo na kufuli. Mwaka 1902 alipewa Tuzo ya Nobel ya kemia.

Elimu hiyo aliilipia. Dawa yake mwenyewe ilikuwa sumu, ikamdhuru kwa miaka mingi. Mkewe Agnes alifariki mwaka 1895, na wawili kati ya wanawe watatu walikufa wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Naye alifariki Berlin tarehe 15 Julai 1919.

Leo programu za kompyuta hupekua maelfu ya molekuli za viumbe na kuonyesha vipande vya sukari vilivyojificha ndani yake. Lakini kompyuta hutambua ilichofundishwa tu, na nukta zile za kwanza aliziweka Fischer.

Pamba nayo ni tasbihi ndefu ya punje za glukosi. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 vijidudu vilichukuliwa katika maziwa yetu ya magadi, na vimeng'enya vyao vikatumika viwandani ng'ambo kulainisha na kufifiza nguo za jinzi. Mwaka 2004 shirika la serikali la wanyamapori la Kenya lililalamika hadharani kwamba halikupewa fungu lolote.

Kufuli tumeonyeshwa na Fischer, na funguo nyingine zimo Bogoria na Nakuru. Vijana wetu na waisome kemia, kwani asiyeijua mali yake hupangiwa bei na anayeijua.