Florence Wilson: Mjane aliyeweka mtaji wake angani

JINA la Wilson si geni kwa wafanyabiashara wa Afrika Mashariki. Watalii wanaokwenda Maasai Mara na ndege za madaktari wa AMREF hutumia uwanja huo ulioko kando ya Barabara ya Langata, Nairobi. Wengi hudhani kuwa Wilson alikuwa gavana au mwanajeshi wa kikoloni. La hasha, alikuwa mama mjane.

Florence Kerr Wilson, raia wa Uingereza, aliishi Kenya na mumewe wakiwa walowezi. Baada ya mumewe kufariki, alibaki na mali ya kutosha kuishi kwa utulivu. Badala yake aliamua kuingiza fedha hizo katika biashara ambayo wakati huo wengi waliiona kuwa ni mchezo wa matajiri.

Julai 31, 1929 alianzisha kampuni ya Wilson Airways, akishirikiana na rubani Tom Campbell Black, aliyekuwa meneja. Ndege ya kwanza ilikuwa Gipsy Moth, yenye injini moja na viti viwili visivyo na paa. Kwa hesabu ya kawaida, kiti kimoja ni cha rubani, hivyo kila safari ilitegemea nauli ya abiria mmoja tu.

Wakati nao haukuwa mzuri. Miezi mitatu baadaye soko la hisa la New York lilianguka, na bei za kahawa, katani na mahindi zikaporomoka. Wateja wa kampuni hiyo walikuwa walowezi, maofisa wa serikali, wawindaji na, baada ya dhahabu kugunduliwa Kakamega, watafutaji wa madini. Mwafrika wa kawaida hakuwamo katika orodha hiyo, ingawa kodi yake ilichangia mfuko wa serikali uliolipia safari za maofisa na usafirishaji wa barua.

Kilichoinusuru kampuni ni barua. Mwaka 1931 shirika la Imperial Airways la Uingereza lilianzisha safari kutoka London hadi Mwanza, na mwaka 1932 likafika Cape Town. Ndege hizo kubwa hazikuweza kutua kila mji, hivyo ilihitajika kampuni ndogo ya kugawa barua na abiria. Wilson Airways ilichukua kazi hiyo na kuunganisha Nairobi na Mombasa, Tanga, Zanzibar na Dar es Salaam. Kwa lugha ya biashara, Imperial ilikuwa muuzaji wa jumla na Wilson muuzaji wa rejareja.

Campbell Black aliondoka Kenya mwaka 1932. Mwaka 1934 alishinda mashindano ya ndege kutoka Uingereza hadi Melbourne akiwa na mwenzake Charles Scott, na mwaka 1936 alifariki katika ajali ya ndege huko Liverpool. Kampuni haikufa kwa kuondoka kwake. Iliongeza ndege aina ya Dragon Rapide, zenye injini mbili na uwezo wa kubeba abiria zaidi ya watano. Mwaka 1937, Imperial ilipohamishia njia yake ya kusini kwenye ndege za majini zinazopita pwani, miji ya bara ilibaki bila huduma. Wilson Airways ikajaza pengo hilo kwa safari zilizopita Tanganyika hadi Lusaka.

Hata hivyo, kampuni inayoishi kwa zabuni za serikali haina nguvu mbele ya serikali hiyo. Vita vya Pili vya Dunia vilipoanza Septemba 1939, ndege na marubani wake walichukuliwa kwa ajili ya jeshi. Huduma zikasimama, na kampuni iliyojengwa kwa miaka kumi haikufufuka tena.

Vita vilipokwisha, serikali za Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar hazikurudisha biashara hiyo kwa watu binafsi. Ziliunda shirika lao la pamoja, East African Airways, lililoanza safari mwaka 1946 kwa ndege zile zile aina ya Dragon Rapide. Nalo lilivunjika mwaka 1977, pamoja na Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kwanza, na kila nchi ikabaki na shirika lake.

Mwaka 1962 uwanja wa Nairobi West ulipewa jina la Wilson kwa heshima ya mama huyo. Mizigo na abiria wanaopita hapo kila siku ni ushahidi kwamba soko aliloliona mwaka 1929 lilikuwepo kweli. Kilichomshinda hakikuwa ukosefu wa wateja, bali ni kwamba mteja wake mkubwa ndiye pia aliyekuwa na mamlaka ya kumnyang'anya ndege.