Ronald Ngala na miaka ya ushirika isiyozungumzwa

Anayetoka Mombasa kuja Kuruwitu, akifika Vipingo, hukuta chuo cha utalii kilichopewa jina la Ronald Ngala. Nairobi nako kuna barabara ya jina lake, ile iliyojaa matatu. Vijana wetu wanalitaja jina hili wakitafuta gari, lakini ukiwauliza mwenyewe alikuwa nani, watakwambia ni mwanasiasa wa zamani. Watu wazima watakwambia majimbo. Mimi leo nataka kuieleza ile miaka michache aliyoshika wizara ya ushirika, kwa sababu naona inawahusu mabaharia wa hapa kwetu kuliko hayo majimbo yenyewe.

Ngala alizaliwa mwanzoni mwa miaka ya 1920, upande wa Kaloleni, Mgiriama wa kuzaliwa. Alisoma Kaloleni, akaenda Alliance, kisha Makerere alikopata diploma ya ualimu. (Sisi wenye diploma tukidharauliwa siku hizi, tuna pa kujishikiza.) Alifundisha Taita, na Mombasa akawa mwalimu mkuu wa shule ya Buxton. Mwaka 1949 kilitoka kitabu chake, Nchi na Desturi za Wagiriama, nacho alikiandika kwa Kiswahili. Mwaka 1957 aliingia baraza la kutunga sheria, na mwaka 1960 akawa kiongozi wa KADU.

Najua katika baraza zetu za kahawa jina lake lilikuwa chungu kwa muda mrefu. Wazee wetu wengi walitaka Mwambao ujitenge, naye alipinga. Alitaka Pwani yote, mwambao na bara yake, iwe jimbo moja ndani ya Kenya. Kila upande ulikuwa na hoja, na waliobishana wengi wametangulia mbele ya haki. Ila kwa ugomvi huo tumelisahau na lile jema ambalo lingetufaa.

KADU ilijivunja mwezi wa Novemba 1964. Mwaka 1966 Mzee Kenyatta akampa Ngala Wizara ya Ushirika na Huduma za Jamii. Kwa mtu aliyekuwa kiongozi wa upinzani wa nchi nzima, wizara hiyo wengi waliiona ya kumnyamazisha. Labda ilikuwa hivyo. Lakini ndiyo iliyokaa karibu na mkulima wa kahawa, mfugaji wa maziwa na mvuvi.

Tukumbuke ushirika ni nini, maana siku hizi neno hili limechakaa. Wanaofanya kazi ndio wenye mali. Kila mwanachama ana kura moja, awe ana hisa 10 au 1,000. Faida hugawanywa kwa kadiri mtu alivyoleta mazao yake, si kwa ukubwa wa mfuko wake. Mwaka huohuo wa 1966 ilipitishwa sheria mpya ya vyama vya ushirika, iliyompa kamishna wa serikali uwezo mkubwa wa kusimamia hesabu za vyama. Hapo nina neno. Sheria ile ilizuia wizi, lakini pia iliwazoesha wanachama kungoja mtu wa serikali awasomee daftari lao wenyewe.

Januari 1968, Ngala akiwa waziri, Benki ya Ushirika ilifungua milango. Mtaji wake ulitoka kwa vyama vya watu wa kawaida ambao benki za wakati ule hazikuwataka. Benki hiyo leo iko soko la hisa, na zaidi ya nusu ya hisa zake bado zimo mikononi mwa wanaushirika. Si haba.

Baadaye Ngala alihamishiwa wizara ya nguvu za umeme na mawasiliano. Desemba 1972 alipata ajali katika barabara ya Mombasa, akafariki siku ya Krismasi. Habari ya nyuki walioingia garini watu wanabishania mpaka leo, nami siiongezi.

Hakuwahi kuona kiwanda cha korosho cha Kilifi, kilichoanza miaka ya 1970. Wazazi wetu waliuza korosho za mikanju yao pale, na wengine tukasomeshwa kwa pesa hizo. Kiwanda kilipobinafsishwa miaka ya 1990, chama cha ushirika cha wakulima kilikuwa miongoni mwa waliopewa nafasi ya kukimiliki. Kwenye karatasi kilikuwa cha mkulima. Lakini mkulima hakujua nani ametoa pesa za kununulia hisa zake, wala deni ni la nani. Kabla ya muongo huo kwisha kiwanda kilikuwa kimefungwa, na mikanju mingi ikakatwa ikawa makaa.

Sasa njooni Kuruwitu. Mwaka 2005 wavuvi wa hapa walifunga wenyewe sehemu ya bahari yao, hekta zipatazo 30, wasivue. Hawakungoja askari. Samaki walirudi, matumbawe yakapumua, na watu wakatoka mbali kuja kujifunza. Kwa nini iliwezekana? Kwa sababu waliiona bahari ni mali yao. Baharia wa kuajiriwa katika chombo cha tajiri hana sababu ya kumwacha samaki mchanga akue. Akimwacha, kesho atavuliwa kwa chombo kingine na yeye hapati kitu.

Na hapo ndipo kazi ilipobakia nusu. Bahari tumeishika, vyombo bado. Pahali pengi katika pwani hii tajiri hutoa mashua na nyavu, samaki wakifika dikoni hutoa kwanza fungu la chombo na fungu la nyavu, na mara nyingi ni yeye huyohuyo mnunuzi anayepanga bei. Kinachobaki ndicho wanachogawana walioloa maji usiku kucha. Mabaharia sita wakimiliki mashua yao, fungu la chombo halisafiri. Hulipa karo hapahapa, hutengeneza injini hapahapa, na mama karanga hupata samaki kwa bei anayoweza kukaanga akauza.

Vikundi vinavyopewa mashua na serikali ya kaunti au wafadhili si vichache, na picha huwa nzuri. Mimi nikipita dikoni huuliza mambo mawili ambayo wenyeviti hawayapendi: hati ya chombo imeandikwa majina ya akina nani, na daftari la mauzo liko wapi baharia aweze kulifungua na kulisoma mwenyewe.